Filamu iliteuliwa mara 13 ikashinda mara mbili: kura za Oscar huhesabiwaje?

Mwalimu wa Kihesa (Iringa)

Kamwene ndugu zangu. Naandika kutoka Kihesa, Iringa mjini, ambako mimi na vijana kumi na wanane tuna kikundi cha filamu kinachokutana kila Jumamosi jioni katika darasa tulilopewa na mkuu wa shule. Tunatazama filamu moja, tunaijadili, na mara mbili kwa mwaka tunatengeneza filamu fupi zetu wenyewe kwa kamera moja na simu mbili. Safari hii tumekubaliana kwamba filamu hizo tuzishindanishe na washindi tuwape tuzo, na hapo ndipo tulipokwama.

Chanzo ni sherehe ya Oscar, tuzo za filamu za Marekani, ya Machi 2025. Kwa saa zetu ilianza saa tisa usiku wa kuamkia Jumatatu, kwa hiyo hakuna kati yetu aliyeitazama. Tulipokutana Jumamosi iliyofuata niliandika ubaoni majina ya walioteuliwa upande wa kushoto na ya washindi upande wa kulia. Emilia Pérez ilikuwa imeteuliwa mara 13, kuliko filamu nyingine yoyote ya mwaka ule, lakini ikaondoka na tuzo mbili tu: ya mwigizaji msaidizi wa kike, aliyoipata Zoe Saldaña, na ya wimbo bora. Anora, iliyokuwa imeteuliwa mara sita, ilitwaa tano, Filamu Bora ikiwa mojawapo, na mwongozaji wake Sean Baker akajikuta na tuzo nne kwa usiku mmoja: ya uongozaji, ya uandishi, ya uhariri, na ile ya Filamu Bora kwa kuwa alikuwa miongoni mwa watayarishaji.

Binti mmoja wa kidato cha tatu alinyanyua mkono akauliza: ikiwa watu hao hao walikwisha kuikubali filamu ile mara kumi na tatu, kwa nini siku ya mwisho waliikataa mara kumi na moja? Nilimjibu kwamba majaji hubadilisha mawazo. Nilipofika nyumbani niliona wazi kwamba nilikuwa nimemjibu ili tu aketi, na mtoto anayeuliza swali zuri namna ile hastahili jibu la namna hiyo.

Naomba basi mnisaidie kwa mambo mawili. Kwanza, ni nani hasa huteua na ni nani huchagua mshindi? Pili, sisi ambao tuko kumi na tisa na filamu zetu ni nne, tufuate utaratibu gani ili atakayeshindwa aende nyumbani akiwa ameridhika kwamba hakuonewa?

Fundi Kamera (Sokomatola, Mbeya)

Mwalimu, kamwene nawe. Swali la binti huyo ni zuri kwa sababu limegusa mahali ambapo hata sisi tunaoishi kwa kamera tulikosea kwa miaka mingi. Neno la kurekebisha kwanza ni hilo la "majaji". Katika Oscar hakuna jopo la majaji linaloketi chumbani na kukata shauri. Kuna Akademi, yaani chama cha watu wa filamu kinachotoa tuzo hizo, iliyoanzishwa mwaka 1927, ambayo leo ina wapiga kura zaidi ya elfu kumi, wote wakiwa watu wa kazi ya filamu, nao wamegawanywa katika matawi kwa kufuata fani zao: waigizaji tawi lao, waongozaji lao, wahariri lao, wabunifu wa mavazi lao, watu wa sauti lao, na kuendelea.

Kura hupigwa mara mbili, na wapigaji wa mara ya kwanza si wale wa mara ya pili. Katika hatua ya uteuzi kila tawi huteua watu wa fani yake, yaani mhariri humteua mhariri na mwigizaji humteua mwigizaji, isipokuwa vipengele vichache, kama Filamu Bora ambayo huteuliwa na wanachama wote. Hatua ya pili ni ya kuchagua washindi, na hapo milango yote hufunguliwa: mbunifu wa mavazi anampigia kura mwigizaji, na mwigizaji anapiga kura juu ya sauti. Kwa hiyo mwambie binti kwamba walioikubali filamu ile mara kumi na tatu hawakuwa watu hao hao. Kwa sehemu kubwa yalikuwa makundi mbalimbali ya mafundi, kila kundi likisema kuwa kazi ya fani yetu humu ndani imefanywa vizuri. Kisha kila kipengele kikapelekwa mbele ya umati wote, na huko kwa kawaida kikakutana na wapinzani wanne ambao nao walikuwa wamepitishwa na mafundi wale wale.

Ukiangalia vizuri utaona pia kwamba wingi wa uteuzi hupima upana wa filamu kuliko kimo chake. Filamu yenye nyimbo ndani yake inaweza kuteuliwa kwa wimbo, kwa muziki na kwa sauti. Ile iliyoteuliwa mara 13 iliingiza nyimbo mbili katika kipengele kimoja. Filamu ya watu wachache wanaozozana ndani ya nyumba ni nadra kuteuliwa kwa mavazi au kwa vipodozi hata ikiwa bora namna gani. Ndiyo maana sishangai filamu ndogo ikiteuliwa mara sita na kushinda tano, kwa kuwa pale ilipoingia iliingia kwa nguvu zake zote.

Sasa njia ya kuhesabu, ambayo nadhani ndiyo itakayowafaa ninyi wa Kihesa. Katika vipengele karibu vyote hatua ya mwisho ni kura moja kwa mtu mmoja, na mwenye nyingi ndiye mshindi, hata kama hakufikia nusu. Filamu Bora peke yake, ambayo tangu sherehe ya 2022 huwaniwa na filamu kumi kamili, huhesabiwa kwa namna nyingine: mpiga kura huzipanga filamu kwa namba, ya kwanza, ya pili, ya tatu, mpaka mwisho.

Nitalieleza kwa watu wenu kumi na tisa. Tuseme filamu zenu nne ni ya harusi, ya dereva wa bodaboda, ya wachuma chai wa Mufindi na ya mganga. Mnamwaga karatasi mezani na kuzipanga mafungu kwa kuangalia chaguo la kwanza peke yake: harusi ina 7, dereva 6, chai 4, mganga 2. Zaidi ya nusu ya kumi na tisa ni kumi, na hakuna aliyefika. Hapo mnaliondoa fungu dogo kuliko yote, la mganga, lakini karatasi zake mbili hamzitupi, bali mnatazama wenyewe waliandika nini kwa chaguo la pili. Moja inasema chai, nyingine inasema dereva, nanyi mnazihamishia huko. Sasa harusi ina 7, dereva 7, chai 5. Bado. Mnaliondoa fungu la chai na kuzigawa karatasi zake tano kwa kufuata filamu inayofuata ambayo bado imo mezani: nne zinakwenda kwa dereva na moja kwa harusi. Dereva ana 11, harusi ina 8, na mmempata mshindi.

Harusi iliongoza tangu mwanzo na haikushinda, kwa sababu wengi wa wale ambao chaguo lao la kwanza liliondolewa walimweka dereva mbele yake. Njia hii humpa ushindi yule ambaye wengi wanaweza kuishi naye, na kwa kikundi kidogo ambacho Jumamosi ijayo kitaketi tena kwenye madawati yale yale, naiona inafaa kuliko nyingine zote ninazozifahamu.

Jambo moja zaidi. Mwezi Aprili 2025 Akademi ilitangaza kwamba katika kura ya mwisho mwanachama hataruhusiwa kupiga kura katika kipengele ambacho hajazitazama filamu zake zote zilizoteuliwa. Mpaka hapo lilikuwa suala la uaminifu wa mtu. Ninyi anzeni na sharti hilo tangu siku ya kwanza.

Dada wa Makambako

Nimemsoma kaka wa Sokomatola na maelezo yake ya hesabu nayapokea kama yalivyo. Ninalotaka kuongeza ni juu ya ubao wa Mwalimu, ule wenye upande wa kushoto na upande wa kulia. Naomba upande wa kushoto usifutwe haraka.

Usiku wa kuamkia Jumatatu ya tarehe 3 Machi 2014 nililala kwa jirani yetu mwenye dishi ili niitazame sherehe ile, kwa sababu Lupita Nyong'o alikuwa anawania. Kwa saa zetu ilianza saa kumi na nusu alfajiri. Mvua ilikuwa imenyesha tangu jioni, picha ilikatika mara mbili, nasi tulikuwa wanne tumejifunika blanketi moja tukiogopa umeme usiondoke. Bahasha ilipofunguliwa na jina lake kusomwa, mama mwenye nyumba, ambaye Kiingereza hakijui hata kidogo, alisimama na kupiga vigelegele hadi mtoto akaamka chumbani. Mkenya wa kwanza kutwaa Oscar, mtu anayezungumza lugha yetu! Nililia, na sioni haya kuliandika.

Usiku ule ule, filamu ya American Hustle ilikuwa imeteuliwa mara 10 na haikupata hata tuzo moja. Gravity nayo iliteuliwa mara 10 ikapata saba, ikiwemo ya uongozaji, lakini Filamu Bora ikaenda kwa 12 Years a Slave aliyoigiza Lupita, ambayo jumla ilipata tatu. Na katika historia wapo waliobaki mikono mitupu kwa namna ya kuumiza zaidi: The Turning Point ya 1977 na The Color Purple ya 1985 ziliteuliwa mara 11 kila moja zikatoka bila kitu. Upande mwingine ipo ya tatu katika mfululizo wa The Lord of the Rings, ambayo mwaka 2004 iliteuliwa mara 11 na ikachukua zote 11.

Sasa turudi kwetu. Mwaka 2018 filamu fupi ya Watu Wote, iliyoongozwa na Mjerumani Katja Benrath lakini ikapigwa Kenya, ikiwa na mazungumzo ya Kiswahili na Kisomali, iliteuliwa kuwania Oscar ya filamu fupi. Inasimulia shambulio la basi karibu na Mandera, ambapo abiria Waislamu waliwakinga wenzao Wakristo. Haikushinda. Lakini mwaka ule Kiswahili kilisikika mbele ya watu waliokuwa hawajapata kukisikia katika maisha yao, na aliyekifikisha pale ni uteuzi. Tuzo ilikuwa imekwenda kwa wengine.

Na kabla ya uteuzi kuna hatua nyingine ambayo watu wetu wengi hawaijui. Katika kipengele cha filamu ya kimataifa kila nchi hupeleka filamu moja tu, inayochaguliwa na kamati ya nchi yenyewe. Kutoka humo hupatikana orodha ya filamu 15, na kutoka 15 huteuliwa tano. Tanzania ilipeleka Maangamizi mwaka 2001, ikakaa kimya zaidi ya miaka ishirini, kisha mwaka 2022 ikapeleka Vuta N'Kuvute ya Amil Shivji, iliyotokana na riwaya ya Shafi Adam Shafi. Haikuingia katika zile tano. Hata hivyo mtu akiniambia kwamba filamu ile "ilishindwa Oscar" nitamkatalia, kwa kuwa kufika mlangoni pale huku nchi imekaa miaka ishirini bila kupeleka kitu ni kazi yenye uzito wake. Uchungu wangu ni juu ya ile miaka ishirini.

Mwalimu, vijana wako wakiandika historia ya kikundi chenu, majina ya filamu zote nne yaandikwe, pamoja na walioshika kamera.

Mtayarishaji wa Uyole

Nami nichangie kwa upande wa maumivu, maana Mwalimu ameuliza namna ya kumfanya aliyeshindwa aridhike.

Miaka kadhaa iliyopita niliwasilisha filamu fupi katika shindano moja, ambalo sitalitaja jina. Tulipigiwa simu kwamba tumeingia katika tatu bora. Tulikodi gari dogo watu saba, mwigizaji wetu mkuu akaazima suti kwa shemeji yake, tukasafiri usiku. Ukumbini jina la filamu yetu lilisomwa vibaya, mshindi akatangazwa, tukapiga makofi kama wengine. Kushindwa hakukuniuma. Kilichoniuma ni kwamba nilipouliza kwa adabu ni nani waliotazama filamu zetu na walizipima kwa vigezo gani, hakuna aliyeweza kunijibu, si siku ile wala baada ya barua mbili. Yule kijana wa suti ya kuazima aliniuliza njiani tukirudi, tulipofika Igawa, kama kweli filamu yetu iliwekwa hata kwenye kioo. Sikuwa na jibu, na tangu siku hiyo hajaigiza tena.

Kwa hiyo ninaposoma kwamba kule Marekani kura huhesabiwa na kampuni ya nje ya ukaguzi wa hesabu, na kwamba kabla ya bahasha kufunguliwa wanaoyajua matokeo yote ni watu wachache sana, naona ni busara iliyotokana na makosa yao wenyewe. Katika sherehe ya kwanza kabisa, tarehe 16 Mei 1929, washindi walikuwa wameshatangazwa miezi mitatu kabla. Baadaye wakawa wanayapa magazeti majina mapema kwa sharti la kutoyachapa kabla ya saa fulani, mpaka mwaka 1940 gazeti moja la Los Angeles likayachapa wageni wakiwa bado wako njiani kuelekea ukumbini. Mwaka uliofuata wakaanza kutumia bahasha iliyofungwa. Na hata bahasha hukosea: mwaka 2017 waliokwenda kutangaza Filamu Bora walikabidhiwa bahasha ya mwigizaji wa kike, La La Land ikatangazwa, watu wake wakapanda na kuanza kushukuru, kisha ikabidi tuzo ikabidhiwe Moonlight iliyokuwa imeshinda kwa haki. Kosa lilirekebishwa papo hapo mbele ya dunia nzima kwa sababu kumbukumbu za kura zilikuwepo na wenye kuzijua walikuwepo.

Mikoa yetu nayo ina historia yake katika jambo hili. Mwezi Desemba 2021 Bodi ya Filamu ilileta Tuzo za Filamu Tanzania hapa Mbeya, na mji ulichangamka kwa namna ambayo sisi watu wa nyanda za juu hatukuizoea, kwani mambo ya filamu tulikuwa tunayasikia Dar es Salaam, au Zanzibar kwenye tamasha la ZIFF. Na Watanzania wameshatwaa tuzo nje ya nchi: mwaka 2016 kule Lagos, katika tuzo za Africa Magic, Elizabeth Michael alipata ya filamu bora ya Afrika Mashariki kwa Mapenzi ya Mungu, na Single Mtambalike akapata ya filamu ya Kiswahili kwa Kitendawili. Tuzo zile huchanganya kura za watazamaji na maamuzi ya majaji, na kila kipengele hujulikana mapema kiko upande gani. Hilo ndilo ninalolidai: watu waambiwe kabla.

Mwalimu wa Kihesa (Iringa)

Nawashukuru sana, kaka zangu na dada yangu. Jumamosi nilimwita yule binti mbele, nikamwambia kwamba jibu nililompa halikuwa sahihi, kisha nikamkabidhi chaki akaichora ile hesabu ya harusi, dereva, chai na mganga mbele ya wenzake. Alikosea mahali pamoja, pale karatasi za mganga zinapohama, akajirekebisha mwenyewe. Tumekubaliana kufuata njia hiyo, na asiyetazama filamu zote nne hatapewa karatasi.

Limebaki swali moja. Wapiga kura wetu ndio hao hao waliotengeneza filamu. Kila mmoja ataiweka ya kwake namba moja, na zikilingana je?

Fundi Kamera (Sokomatola, Mbeya)

Mwalimu, hata kwenye Akademi mwanachama anaruhusiwa kujipigia kura, ila wao ni maelfu na ya mtu mmoja haionekani. Kwenu itaonekana. Pangeni kwamba kila mtu ataziweka kwa namba zile filamu tatu ambazo hakushiriki, ya kwake aiache wazi. Hakikisheni kwanza kwamba kila kijana amehesabiwa kwenye filamu moja tu. Mkishindwa hilo, waalikeni walimu na wazazi kumi na watano waje wapige kura badala yenu, nanyi mbaki kuwa wahesabuji.

Mafungu mawili ya chini yakilingana, angalieni ni lipi lilikuwa na karatasi chache katika duru ya kwanza, hilo ndilo litoke. Jambo hilo liandikwe kabla sanduku halijafunguliwa. Karatasi zihesabiwe kwa sauti, mezani, mtu mmoja akisoma na mwingine akiandika ubaoni, kisha zifungwe kwa uzi na zitunzwe kabatini mwaka mzima, ili atakayetaka kuhesabu upya azikute.

Ikiwapendeza, tupeni tarehe. Kutoka Mbeya hadi Iringa ni basi moja, nami nitakuja na projekta.